Supernatural: msimu wa 11 au wa 15, kwa mwenye nafasi ya mmoja tu

"Shikamoo mjomba. Fleshi yangu imebaki na nafasi ya msimu mmoja tu. Niwekee wa 11 au wa 15?"

Mpwa wangu huyo anasoma Tabora. Namwita mama, kwa kuwa amerithi jina la mama yangu. Likizo alikuja kuimalizia kwangu Ujiji, na swali lake aliniletea siku mbili kabla ya kupanda treni kurudi chuo. Nikachukua karatasi tukapiga hesabu. Episodi moja yenye picha inayoridhisha kwenye simu ina kama MB 200. Msimu wa 11 una episodi 23, hiyo ni GB 4.6. Wa 15 una episodi 20, hiyo ni GB 4. Fleshi yake imeandikwa GB 8 lakini ukiichomeka inasoma pungufu ya hapo, na ndani yake kuna madesa ya chuo ambayo hathubutu kuyafuta. Kwa hiyo ni lazima achague, na mimi nilitaka nimpe jibu la kweli, si la kumaliza maneno. Nimeiangalia tamthilia hii tangu mwanzo hadi mwisho, misimu hii miwili nimeirudia, na najua wapo wengine wenye swali kama lake.

Kwa ambaye hajaifuatilia, Supernatural ilianza kuonyeshwa Marekani mwaka 2005, ikafika tamati tarehe 19 Novemba 2020, misimu 15, episodi 327. Ni habari ya ndugu wawili, Dean na mdogo wake Sam, wanaozunguka Marekani nzima ndani ya Chevrolet Impala ya mwaka 1967 wakipambana na mizimu, wanyonya damu, mapepo na hata malaika. Mama yao aliungua moto nyumbani mwaka 1983, Sam akiwa kitoto kichanga, na baba akawalea barabarani. Dean ni Jensen Ackles, Sam ni Jared Padalecki. Aliyeibuni, Eric Kripke, aliiongoza kwa misimu mitano ya kwanza kisha akawaachia wengine usukani. Ndiyo maana watazamaji wengi walishukia kituo cha tano. Baadaye wanasikia safari iliendelea, wanauliza wapandie wapi tena.

Kwa nini naipambanisha hii miwili na si wa 8 na wa 12? Kwa sababu kiini chake ni kimoja. Yote miwili inamzunguka Chuck. Mara ya kwanza tunamwona msimu wa 4 ni mwandishi wa vitabu vya bei rahisi, mlevi mlevi, nyumba imejaa karatasi, anaota maisha ya hawa ndugu na kuyaandika akidhani ni hadithi zake. Baadaye inakuja kujulikana kwamba Chuck ndiye Mungu wa tamthilia hii. Rob Benedict anamwigiza misimu yote miwili. Katika wa 11 Chuck ni kaka anayedaiwa na dada yake. Katika wa 15 ni mwandishi ambaye wahusika wake wamekataa kumtii, naye hataki kuwaachia.

Hapo nisimame kidogo. Sitalipitisha jambo hili kimya kimya kwa wasomaji wa mji kama wangu, ambako adhana ya magharibi inaikuta televisheni ikiwa imewashwa. Usiku mmoja tulikuwa sebuleni na msimu wa 11, mama mkubwa akapita akielekea chumbani. Akamwona yule mwenye ndevu anaongea, akauliza, "Huyo ndiyo nani?" Mdogo wangu akamjibu bila kufikiri, "Ndiye Mungu wao wa kwenye muvi." Mama mkubwa akasema astaghfirullah, akachukua mswala wake akaondoka bila neno lingine. Nilizima. Sikuona kosa lake hata kidogo. Kama nyumbani kwako kuna mtu mzima wa dini, awe wa msikitini au wa kanisani, misimu hii iangalie peke yako au na wanaojua kwamba ni hadithi ya kubuni. Kati ya miwili, wa 11 una afadhali, kwa sababu Chuck anatokea waziwazi kuanzia episodi ya 20, na anayetokea ni mtu anayetaka kusuluhisha. Wa 15 unamfanya adui tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenye moyo mwepesi kwenye mambo ya imani ataumia, na watoto wasiwepo kabisa.

Tuje kwenye misimu yenyewe. Miisho sitaitoboa.

Msimu wa 11 ulionyeshwa kuanzia Oktoba 2015 hadi Mei 2016. Unaanza na Giza. Mwisho wa msimu wa 10 ndugu hawa walifungua kitu kilichofungiwa tangu kabla dunia haijaumbwa, na kitu hicho kikatoka kikiwa mwanamke. Jina lake Amara. Anaanza kama mtoto mchanga, anakua haraka kupita kawaida kwa kula roho za watu, na akishakuwa mtu mzima anachezwa na Emily Swallow. Huyu mama anaweza kazi. Hapigi kelele, hatishi kwa sura, anazungumza taratibu kama mtu aliyepewa haki yake akachelewa kuipata. Ukimsikiliza unajikuta unamwonea huruma kabla hujakumbuka kwamba anaweza kuifuta dunia. Kwangu mimi hapo ndipo msimu wa 11 unapoushinda wa 15. Ugomvi wake unaeleweka hata na mtu ambaye hajawahi kuona episodi moja ya nyuma: kaka alimfungia dada yake gizani, sasa dada katoka. Nani hapa hajui ugomvi wa ndugu wa tumbo moja, ule ambao wazee hukaa vikao vitatu na bado mmoja anakataa kuja?

Na sambamba na hao kuna Dean na Sam, nao kaka na mdogo, nao wana yao. Msimu unayaweka mambo haya mawili ubavu kwa ubavu bila kukuambia yatazame. Unayaona mwenyewe.

Episodi ya 4 ndiyo ninayoikumbuka zaidi katika msimu wote. Inaitwa "Baby", jina ambalo Dean analiita gari lake. Kamera haitoki kwenye gari. Kila kinachotokea unakionea ndani: mvua kwenye kioo, mtu anakimbia kwa mbali, ngumi zinapigwa nje na wewe umebaki kwenye siti ya nyuma huwezi kufanya lolote. Kuna adui anayewindwa, ndiyo, lakini uzito uko usiku, wanapolala humohumo garini, mmoja mbele mmoja nyuma, wanaongea wakitazama juu ya dari la gari. Wanaulizana kama wangeweza kuwa na maisha mengine, mke, nyumba, mtu anayeielewa kazi yao. Hakuna muziki wa kukulazimisha ulie. Ni sauti mbili tu gizani.

Mdogo wangu ni dereva wa Noah, njia ya Kasulu. Episodi hiyo tuliiangalia wote, na ilipofika pale akachukua rimoti akasimamisha picha. Nilidhani anataka kwenda kuchukua maji. Akasema, "Kaka, unakumbuka ile siku gari lilitufia tukalala porini?" Nilikuwa nimeisahau. Yeye alikuwa anakumbuka hadi maneno niliyomwambia usiku ule, ambayo sitayaandika hapa. Tukakaa na ile picha imeganda kwenye kioo, zaidi ya nusu saa, tukiongea. Episodi nyingine 326 hakuna iliyotufanyia hivyo.

Zipo nyingine nzuri ndani ya 11. Ya 8 inahusu rafiki wa kufikirika aliyekuwa akimliwaza Sam utotoni, inaanza kama utani na kuishia mahali pa uchungu. Ya 11 inamleta Eileen, mwindaji kiziwi anayesoma midomo, na mwigizaji wake Shoshannah Stern ni kiziwi kweli, kwa hiyo mikono yake inaongea kwa lugha yake yenyewe, si ya kukariri. Ya 17 ni fupi kwa pumzi: Sam amepigwa risasi porini, na Dean anadhani ndugu yake amekufa. Ya 20 ndiyo Chuck anakaa baa na malaika mwandishi Metatron, anampa asome kitabu cha maisha yake, na Metatron anamwambia ukweli ambao hakuna mwingine angethubutu kumwambia. Karibu episodi nzima ni watu wawili wanaongea mezani, na hutaki wanyamaze.

Udhaifu upo na nausema. Katikati msimu unatembea kwa kuchechemea. Amara anakua, Crowley mfalme wa Kuzimu anajaribu kumlea kwa faida yake, ndugu wanaendelea na visa vya wiki kwa wiki kana kwamba dunia haina haraka. Ya 5, ya 7 na ya 19 ukizikosa hupungukiwi kitu. Na kuanzia episodi ya 10 Castiel, malaika rafiki yao, anafanya uamuzi mmoja unaogawa watazamaji. Misha Collins anaanza kumwigiza mwingine kabisa kwa sura ileile. Mdogo wangu hakupenda. Mimi niliona ni kazi nzuri ya uigizaji iliyotumika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Wa 15 ni mwingine kabisa kwa mwendo. Ulianza tarehe 10 Oktoba 2019 na haukupi nafasi ya kupumua: mlango wa Kuzimu umepasuka, roho zimemwagika mjini, wafu wa misimu ya nyuma wanarudi. Kama umefuatilia miaka yote, episodi tatu za mwanzo ni karamu. Kama hujafuatilia utakuwa kama mgeni aliyefika arobaini ya mtu asiyemjua, watu wanalia naye anauliza marehemu alikuwa nani. Jack ni nani, kwa nini Dean na Castiel hawaongei, Rowena ana deni gani na Sam, mama yao amekuwaje, yote yalitangulia katika wa 12, 13 na 14. Huu msimu haurudi nyuma kukueleza.

Wa 11 mahitaji yake ni madogo. Angalia episodi ya mwisho ya msimu wa 10, ile ya 23, basi, umeingia. Kwa wa 15 angalau lazima uione ya mwisho ya wa 14, ambako Chuck anavua koti lake la upole. Na hata hapo utakuwa umeruka mengi.

Ila nisiuonee. Wa 15 una wazo ambalo wa 11 hauna, na lilinifanya nikae wima kwenye kiti. Kama maisha yako yote yameandikwa na mtu mwingine, kila msiba na kila ushindi, je, upendo wako kwa ndugu yako ni wako au nao uliandikiwa? Chuck anasema hadithi ni yake. Wao wanataka kujua ni nini kilichobaki kuwa chao. Waliofika msimu wa 5 watakumbuka Chuck huyuhuyu, kwenye episodi ya mwisho, akisimulia habari za lile gari kwa mapenzi makubwa: askari wa plastiki ambaye Sam alimkwamisha kwenye kisahani cha majivu akiwa mtoto, vipande vya Lego ambavyo Dean alivisukumia kwenye matundu ya hewa, na bado vinagonga hita ikiwashwa. Aliyewajua hadi kwenye vitu vidogo namna hiyo ndiye anawageuka. Hilo linauma kuliko pepo yeyote.

Episodi ya 10 ya msimu huo nampa kila mtu, hata asiyejua lolote. Chuck anawanyang'anya bahati ambayo siku zote iliwalinda kama mastelingi. Ghafla gari linagoma njiani. Kadi ya benki inakataa. Sam anashikwa mafua. Dean, aliyekuwa akila chochote saa yoyote, meno yanamuuma na tumbo linamkataa. Wanakwenda kwa Garth, mwindaji wa zamani ambaye sasa ni mbwa mwitu mtu, ana mke na watoto, na ni daktari wa meno. Ni episodi ya kucheka na ndani yake kuna jambo zito: kumbe maisha ya watu wa kawaida yanahitaji uvumilivu ambao hawa mashujaa hawakuwahi kuombwa. Mtu anayeamka Kibirizi alfajiri kusubiri boti, akaambiwa injini haiwaki, ataielewa kuliko yeyote.

Kisha korona ikaingia. Machi 2020 upigaji picha ulisimama zikiwa zimebaki episodi mbili za mwisho. Watazamaji waliishia ya 13 wakasubiri hadi Oktoba. Ukiangalia leo mfululizo hutaliona pengo hilo kwenye tarehe, lakini utaliona kwenye picha. Episodi mbili za mwisho zina watu wachache, miji mitupu, sura nyingi ulizotegemea kuziona hazipo. Ya 18 inabeba tamko moja la Castiel ambalo watu wanabishana nalo mpaka leo. Ya 19 inamaliza vita na Chuck, na kwa maoni yangu inaimaliza haraka mno kwa ugomvi uliojengwa muda wote huo. Nilibaki nasema, ndiyo basi?

Ya 20, ile ya mwisho kabisa, ni ndogo. Namaanisha ndogo kwa makusudi: ndugu wawili, kazi ya kawaida, gari. Wapo walioichukia. Mimi niliikubali, lakini niliikubali kwa kuwa nilikuwa na miaka yote nyuma yangu. Mtu akiichukua bila kubeba uzito huo ataona ni msiba wa jirani wa mbali.

Mwisho wa 11 nao una kasoro yake. Ugomvi mkuu unafungwa vizuri, kwa njia ambayo sikuitarajia kutoka kwenye hadithi ya mapanga na bastola, kisha dakika za mwisho kabisa zinafungua mlango mwingine kwa ajili ya msimu wa 12. Hasira ya kukatishwa utaipata. Ila usipoendelea hutakosa usingizi.

Kiingereza chake? Yote miwili wanaongea kasi, hasa Dean, kwa hiyo hakikisha yanakuja na maandishi ya chini. Duka la muvi nililokwenda mwaka jana liliniuzia msimu wa 15 ambao maandishi yake yalikuwa ya lugha nisiyoijua. Fungua episodi mbili tatu palepale kabla hujalipa.

Sasa uamuzi. Kama ulishuka msimu wa 5 na unataka kuonja tena, chukua wa 11. Kama unaangalia na ndugu yako, wa 11, na msiiruke ya 4. Kama umefika wa 13 au wa 14 ukachoka, jikaze uumalize wa 15, uko karibu sana na nyumbani kuweza kugeuka. Kama unaangalia kwa ajili ya kutishika tu, yote miwili itakuangusha. Kutisha kwa kweli kuko misimu miwili ya kwanza.

Na kuna sababu moja iliyonifanya nisisite kabisa kwa mpwa wangu, ambaye alifika wa 6 akaacha. Wa 11 ndiko wa 15 unakokopa. Amara anaanzia pale. Eileen anaanzia pale. Billie, mchukua roho anayekuja kuwa mkubwa sana baadaye, anatokea mara ya kwanza kwenye episodi ya 2 ya msimu wa 11. Akianza na huo, siku akipata fleshi nyingine atawafahamu watu watakaompokea. Akianza na wa 15, wa 11 utakuwa umeshamharibikia: atakuwa anamwangalia Chuck anamwomba dada yake radhi huku anajua atakavyokuja kubadilika.

Nikamwekea wa 11 wote. Mbele yake nikatanguliza ile ya mwisho ya msimu wa 10. Ilibaki nafasi ndogo, nikaongeza ile ya 10 ya msimu wa 15, ya bahati, nikaipa jina "MWISHO KABISA" asije akaanza nayo. Pawabenki yangu nikampa pia, maana kutoka hapa hadi Tabora kwa reli ni zaidi ya kilomita 400 na simu haiwezi kuhimili.

Siku ya safari nilimsindikiza hadi stesheni. Usiku ujumbe wake ukaingia, treni imesimama Uvinza na wauza chumvi wako dirishani.

"Mjomba nimefika ile ya gari. Wamelala, wanaongea."

Nikamjibu, "Zima data mama, usiongee na mtu mpaka iishe."